Mwali wa Pili

Juzi nilikuwa napita nyuma ya nyumba ya jirani zetu na ndoo ya maji kichwani, harufu ya singo ikatoka dirishani ikanikuta. Karafuu iliyotwangwa, liwa, asumini iliyoanza kunyauka, na marashi ya mtu asiyejali kipimo. Wanamfungia mwali mle ndani, harusi ni Ijumaa ijayo. Wenzangu wa kidato cha nne wakiisikia harufu ile huanza kuchekana na kuulizana nani atafuata. Mimi nilitua ndoo nikasimama. Mimi singo hunikumbusha mikono ya msichana mmoja wa Kichina, mikono iliyopasukapasuka kama bonde la mpunga lililokosa mvua, na hunikumbusha siku niliyopaza sauti yangu kwa mara ya kwanza watu wazima wakiwa wanasikiliza.

Hili sijawahi kulisimulia skuli. Mimi si msemaji. Mwalimu akiuliza kitu darasani, jibu nalijua, ila hulimeza, halafu nikifika nyumbani naliandika kwenye daftari. Basi na hili naliandika. Nawaandikia nyinyi mnaolingana nami kwa umri, maana wengi wenu mnalikumbuka lile ua la mabati ya buluu kule Wawi na harufu yake iliyokuwa ikitufanya tupite mbio huku tumeziba pua. Harufu mliijua. Aliyekuwa ndani hamkumjua.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa muuguzi Unguja, mimi akaniacha kwa Bibi. Watu walimwita Bi Time, mwalimu wa chuoni. Alisomesha Kurani ukumbini kwake, wavulana asubuhi, wasichana alasiri, na fimbo yake ya mpera aliitumia zaidi kufukuza kuku kuliko kupiga watoto. Lakini kila Jumatano ukumbi ulikuwa wa kina mama. Walisoma darsa, wakimaliza wakanywa chai, na chai ikiwa imebaki nusu ndipo walipoanza kuulizana: nani mgonjwa, nani kafiwa, na hili walilisema kwa sauti ya chini, nani ana msichana wa kazi asiyeonekana nje.

Hiyo ndiyo kazi waliyojipa. Hawakuwa na ofisi wala bango. Bibi akiulizwa kwa nini anajitia kwenye nyumba za watu, hujibu, "Ukimwona mtoto wa mwenzio anatumikishwa ukapita njia, hivyo vitabu umesomea nini?" Kabla sijaletwa kwake walishawatoa wasichana wawili. Mmoja aliitwa Mgeni. Huyo alichukuliwa kutoka bara akiwa na miaka kumi na mbili, akaahidiwa kusomeshwa, kumbe anakwenda kupika, kukosha na kulea watoto katika nyumba moja ya Chake bila ujira wowote, na makofi juu yake. Bibi aliifuata nyumba ile, akaketi kwenye baraza yao toka adhuhuri, akafungua msahafu akawa anasoma Yasini kwa sauti, akimaliza anaanza tena. Watu wakapita wakauliza, "Hapa kuna msiba?" Bibi akawajibu, "Upo, ila wenyewe hawajaujua." Hata magharibi haijaingia, wenye nyumba walikuwa wamemtoa Mgeni na kifurushi chake. Nilipomjua mimi, Mgeni alikuwa mke wa mtu, nyumba yake nyuma ya yetu, na kicheko chake ukikisikia njiani unajua umekaribia kufika.

Ua la buluu lilikuwa la majongoo ya pwani. Yalikuja kwa madumu, yakapasuliwa, yakachemshwa, yakasuguliwa kwa chumvi, yakaanikwa, yakasafirishwa kwenda kuliwa mbali. Mwenye mali alikuwa mgeni aliyekuja mara moja moja kwa gari la vioo vyeusi. Msimamizi alikuwa mtu wetu wa hapa hapa, Shaame, mwenye funguo nyingi kiunoni hata akitembea utadhani mbuzi mwenye kengele. Wanawake sita wa Wawi walifanya kazi pale, na Mgeni alikuwa mmoja wao.

Kilichosemwa Jumatano ile mimi sikukisikia. Nilifukuzwa, kama kawaida, "Nenda kacheze." Mgeni ndiye aliyenihadithia baadaye, nilipokwisha kukua kidogo. Aliwaambia kina mama kwamba mle uani mna msichana wa Kichina anayewapikia wanaume wote, anafua, anasugua majongoo, na hatoki nje ya geti.

"Si mke wa bosi huyo?" akauliza mmoja.

"Mke?" Mgeni akasema. "Mke gani analala kwenye ghala la chumvi? Sisi tukitoka jioni, Shaame humtia kufuli. Hajaniambia kitu, lakini mie namjua. Anavyosimama nyuma ya mlango vile, ndivyo nilivyokuwa nikisimama mie."

 Bibi akasema, "Aulizwe kwanza. Mie sendi kuiba mtu."

"Ataulizwa kwa lugha gani, Bi Time?"

"Hayo masimu mnayokesha nayo, hayana kazi nyingine?"

Basi ilipofika Jumanne Mgeni akaichukua simu ya mumewe, iliyokuwa na ule uwezo wa kutafsiri, akaifunga kiunoni chini ya kanga, akaingia nayo kazini. Aliporudi alikaa jikoni na Bibi akamsomea majibu: "'Mimi ninataka nyumba ya mama yangu. Waliniambia nitauza dukani. Kitabu changu cha safari, mtu mkubwa amekula.'"

"Kakila?" Bibi akashtuka.

"Kakichukua, Bibi. Simu haijui Kiswahili vizuri."

"Inajua cha kutosha," Bibi akasema, akaondoka kutafuta buibui lake la zamani.

Niliyoyaona mimi kwa macho yangu ni haya. Asubuhi ya siku iliyofuata niliona Bibi akilikunja lile buibui na kulitia kwenye kikapu, kisha akalifunika kwa kisamvu. Kikapu akakichukua Mgeni. Adhuhuri wanawake wa uani walitoka kuja kusali na kula, kama kila siku. Mlinzi wa geti alikuwa na adabu zake, wanawake waliojifunika wakipita yeye huangalia chini. Waliingia sita. Walitoka saba. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini kwetu nikibangua njugu, nikawaona wakiingia mlango wa uwani mmoja mmoja, na wa mwisho buibui lilimfika kwenye ugoko tu, na chini yake alivaa mabuti ya mpira ya manjano.

Wakampitisha moja kwa moja kwenye chumba cha Zuwena.

Zuwena ni mama yangu mdogo, na siku zile alikuwa mwali. Alikuwa na siku ya tatu ndani, haoni jua, anasuguliwa singo asubuhi na jioni, anangoja kuolewa na Hamad wa Ole. Chumba cha mwali mnakijua. Mwanamume hapiti hata ukumbini, seuze chumbani. Hata babu yangu mkubwa, aliyekuwa na ruhusa ya kuingia kila nyumba Wawi, akija hukohoa barabarani na kuzungumza na Bibi kwa mbali. Bibi alishampigia simu binti wa dada yake aliyekuwa wakili Unguja, naye akaahidi kuja na watu wa uhamiaji na mkalimani kwa boti ya Jumamosi. Mpaka Jumamosi zilikuwa zimebaki siku tatu. Na pahali pa kumweka mtu siku tatu bila Shaame kumfikia, hapakuwa na bora kuliko pale.

Haya yote sikuyajua. Niliambiwa tu, "Ndani mna mgeni, usimseme kwa mtu." Nikachungulia. Nikawaona wamekaa kwenye mkeka mmoja, Zuwena na yule msichana, kila mmoja amevikwa kanga kifuani, na somo wa Zuwena, yaani kungwi wake, anawasugua wote wawili. Bibi alikuwa amesema ile mikono haitoki hapa na chumvi yake. Wakaisugua singo, wakaikanda kwa mafuta ya nazi, yule msichana akawa analia bila sauti na somo akawa anamwambia, "Lia mwanangu, lia, ikitoka imetoka," kana kwamba anaelewa.

Mimi nikafanya hesabu yangu. Chuoni nilishasoma kwamba mwanamume ana ruhusa ya kuoa zaidi ya mmoja. Nilijua anayesuguliwa singo ni mwali. Ndani ya chumba mna wawili, na bwana harusi ninayemjua ni mmoja. Basi Hamad anaoa wake wawili siku moja. Anamwoa mama yangu mdogo, na juu yake anamwoa Mchina.

Ukweli wangu wote niuseme. Nilimwonea uchungu Zuwena, lakini nilijionea uchungu zaidi mimi mwenyewe, kwa sababu singo itakayobaki kwenye bakuli niliahidiwa mimi, na kila siku nikiangalia bakuli nalikuta jeupe.

Hata hivyo nilimpenda. Jina lake lilikuwa Lan. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwapelekea chakula, na huko chumbani nikagundua jambo la ajabu: kwa Lan, ulimi wangu ulikuwa mwepesi. Hakuweza kunicheka ninavyosema kwa sauti ya chini, maana hakujua wengine wanasemaje. Tukawa na mchezo. Nainua ndizi mbivu, nauliza, "Wataka?" Yeye anajibu, "Nataka." Nainua kitunguu kibichi, "Wataka?" Anakunja pua, "Sitaki!" Nikatafuta vitu vya kila namna, kiatu cha Bibi, jongoo wa mtini, kipande cha halua. Zuwena alicheka mpaka somo akamkataza, mwali hachekwi wala hacheki. Siku ya pili Lan alikuwa ananiuliza yeye. Anainua kanga ya harusi ya Zuwena, "Wataka?" Nami naona haya, nasema, "Nataka."

Ila lile la wake wawili lilikuwa limenikaa kifuani. Ijumaa alasiri, chuoni, nilikaa karibu na Tatu. Tatu ni mdogo wake Hamad, alikuwa akikaa kwa shangazi yake hapa Wawi kwa ajili ya skuli. Akaniringia kwamba harusini atavaa gauni la mkia mrefu. Nikamwambia, "Kaka yako mroho."

"Kafanya nini?"

"Anaoa wawili. Zuwena na Mchina."

"Mrongo!" Tatu akasema, akacheka na wenzake wakageuka.

Mimi sikuwa nimezoea kusikilizwa, na kuitwa mrongo kulinichoma. Nikatoa kila nilichonacho. Nikamweleza nywele zilizonyooka kama uzi, mabuti ya manjano, mikono, na chumba alicholala. Tatu akaacha kucheka. Chuo kilipomalizika hakungoja mtu, alikimbia kwa shangazi yake mwenye simu.

Jua halijainama vizuri, bodaboda ikafunga breki mbele ya nyumba, na Bi Khadija, mama yake Hamad, akashuka kutoka Ole huku kilemba kimemlegea.

"Bi Time! Hodi na kama hakuna karibu nitaingia vivyo hivyo! Nasikia mwanangu anaoa Mchina na mie mamake sina khabari!"

"Karibu Bi Khadija. Nani kasema?"

"Nani hajasema! Ole nzima inasema! Muuza samaki kanipa pole!"

Bibi akamshika mkono akamwingiza ndani. Sijui alimwambia nini chumbani kwake, ila waliporudi ukumbini Bi Khadija alikuwa ametulia, amekaa kwenye mkeka na mkono shavuni, anarudia, "Kwenye chumvi? Mtoto wa watu, kwenye chumvi?"

Hapo ndipo tuliposikia funguo.

Shaame alikuja na sheha wetu, mkuu wa shehia. Sheha alikuwa mtu mpole, mtu asiyependa ugomvi umfike mlangoni, na nadhani hata siku ile alikuja kwa kuwa hakujua kukataa. Walisimama kwenye ngazi ya baraza. Watu walikwisha kujaa njiani, maana khabari ya Hamad na Mchina ilikuwa imeshamaliza kupita nyumba zote. Nikaelewa, nikiwa nimejibanza nyuma ya pazia, kwamba ni mimi niliyewaleta.  Nikaingia chumbani nikakaa kati ya Zuwena na Lan.

"Bi Time," Shaame akasema nje, "mfanyakazi wetu yumo humu. Mtoe tuondoke kwa wema."

"Ndani mna mwali," Bibi akajibu. Alikuwa amekaa kizingitini, amenyoosha miguu, mlango wote kaujaza yeye.

"Najua mna mwali. Na mna Mchina."

"Basi ingia umtafute, Shaame. Watu wote hawa wakuone ukiingia chumba cha mwali."

Watu wakaguna. Mmoja akapiga kelele kutoka njiani, "Mpisheni bwana harusi!" na kicheko kikapita. Shaame hakuinua mguu. Akamgeukia sheha.

Sheha akavua kofia, akajikuna, akavaa tena. Kisha akasema neno ambalo nadhani alilifikiria njia nzima. "Bi Time, mie siingii. Lakini dirisha lile ni la chumba. Nikae nje, nimuulize, kama anavyoulizwa mwali siku ya nikaha. Akisema anarudi kazini, arudi. Akisema harudi, nitaandika hivyo. Utakubali?"

 Ilikuwa haki, na Bibi mwenyewe ndiye aliyesema aulizwe. "Nakubali," akasema.

Sheha akaja chini ya dirisha letu. Pazia lilikuwa limeshushwa. Niliona kivuli cha kofia yake.

"Binti," akaanza, kwa ile sauti ya kinikaha, ndefu na nzito, "mimi sheha wa shehia hii, mbele ya mashahidi waliohudhuria, nakuuliza: je, umeridhia kurejea katika kazi yako na kwa mwajiri wako?"

Lan alikuwa ameshika kiwiko changu. Aliisikia sauti ya mwanamume, akasikia maneno mengi asiyoyajua, macho yakamtoka. Hakusema kitu.

Sheha akauliza mara ya pili. Kimya. Akauliza mara ya tatu. Nilisikia nzi akipiga kwenye kioo cha taa.

"Basi!" Shaame akasema. "Kanyamaza! Mwali akiulizwa akanyamaza si ndiyo karidhia? Binti yangu kasoma kwako, Bi Time. Mwalimu ni wewe, umemfunza wewe, karudi nyumbani kanisomea mimi. Au leo umebadilisha kitabu?"

 Kila mtu pale alijua Shaame amesema kitu kilichosomwa kweli. Kila Alhamisi Bibi aliwafundisha wasichana wakubwa mlango wa ndoa, na nilimsikia mara nyingi: mwali huona haya, basi akinyamaza, kunyamaza kwake ni kukubali. Nilimwona kwa upande wa pazia. Kwa mara ya kwanza maishani niliona Bibi yangu amekosa neno. Sheha akatoa pumzi kama mtu aliyepata njia ya kwenda kwao. "Basi, Bi Time..." akaanza.

Na mimi nikaelewa, kwa namna mtoto anavyoelewa, yaani yote kwa pamoja. Kwamba Lan si mwali wa mtu. Kwamba kule anakoambiwa arudi ndiko ilikotoka ile mikono. Na kwamba hakuna aliyemuuliza kwa maneno anayoyajua, na maneno anayoyajua ni ya mchezo wetu tu, na mwenye kuucheza naye chumbani mle ni mimi.

Sikutaka. Naandika hivi ili mjue. Sikujiona shujaa, nilijiona nataka kukojoa. Nilifungua mdomo mara ya kwanza ikatoka pumzi tu. Zuwena akanisukuma mgongoni. Nikasimama, nikalivuta pazia pembeni kidogo, nikamnyooshea Shaame kidole, Shaame na funguo zake, na lile ua la buluu lililoonekana nyuma ya migomba.

"Lan!" nikapiga kelele. Sauti ilitoka kubwa, mbaya, ya kupasuka. "Lan! Kule! Wataka?"

Aliangalia kidole changu. Aliangalia funguo. Akakunja pua, vile vile kama kwa kitunguu.

"Sitaki," akasema.

"Hatujasikia!" mtu akasema njiani.

"Wataka?"

"Sitaki!" Sasa alikuwa amesimama. "Sitaki! Sitaki! Sitaki!" Akaendelea kulisema, kila mara kubwa zaidi, kana kwamba alilifungia miezi yote ile pamoja na yeye, mpaka somo akamkumbatia akamkalisha.

Bi Khadija wa Ole alitoka ukumbini kama mshale. "Sheha! Umesikia au nije nikusemee sikioni? Huyo ni mwali anayeona haya huyo? Hata Mchina kasema kwa Kiswahili, weye wataka aseme kwa lugha gani tena?"

Watu wakacheka, lakini hawakumcheka Lan.  Halafu sheha alifanya jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwa ajili yake. Alitoa kalamu mfukoni, akaweka daftari lake juu ya kizingiti cha dirisha, akaandika, na huku anaandika anasema kwa sauti: "Ameulizwa. Amekataa. Shahidi wa kwanza mimi mwenyewe." Akamgeukia Shaame. "Na kitabu chake cha safari kitafutwe kabla ya kesho. Kikipotea, atakayeulizwa ni mwenye funguo."

Bibi naye alikuwa amepata neno lake. Hakupandisha sauti. "Shaame, kitabu sijabadilisha. Kunyamaza ni ridhaa ya aliye kwao, ana baba na mama wanaomjua uso. Aliyefungiwa kufuli kunyamaza kwake ni kufuli. Mwambie binti yako aje Alhamisi, nimmalizie somo."

Jioni ile aliniita. Nilikwenda nimeinamisha kichwa.

"Ni weye uliyemwambia Tatu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na ni weye uliyeuliza dirishani?"

"Ndiyo, Bibi."

Akaniangalia sana. "Mdomo wako leo umefanya kazi mbili. Ile ya kwanza usiirudie." Kisha akanipa bakuli la singo. Lilikuwa na kiasi cha kiganja kimoja.

Jumamosi walikuja wale wa Unguja, na mkalimani wao, mwanamke mfupi aliyesema na Lan maneno mawili tu kabla wote wawili hawajaanza kulia. Kitabu cha safari kilionekana kwenye droo, haraka kuliko watu walivyodhani. Shaame walikwenda naye kumhoji. Yaliyompata baadaye kila mtu anayo yake, mimi sijui la kweli. Ua lilifungwa, na si kila mtu alifurahi. Wapo wanawake katika wale sita waliomnunia Bibi miezi, kwa sababu kazi nyingine haikuwepo, na Bibi aliwavumilia akawa anawapelekea muhogo. Hilo nalo lilikuwa kweli, siwezi kuliruka.

Lan, kabla hajaingia garini, alivua mabuti yake ya manjano, akaniinulia. "Wataka?"

"Nataka," nikasema. Yalikuwa makubwa ya kuingia mimi na Tatu pamoja. Zuwena akampa viatu vyake vya wazi. Baada ya wiki nyingi ujumbe ukaingia kwenye simu ya mume wa Mgeni, nasi tukausomea jikoni: "Nimefika nyumba ya mama yangu. Mama yangu anasalimia kina mama sita na mtoto wa kitunguu."

Hamad alioa mmoja, na kila sikukuu hunikumbusha kwamba nilitaka kumtwisha mzigo.

Mabuti yamenienea mwaka huu. Nayavaa nikienda bondeni. Bibi magoti yamemshinda, kwa hivyo wasichana wadogo wa alasiri nawasomesha mimi, mimi ambaye darasani siwezi kuinua mkono. Tangu ile Ijumaa Bibi aliongeza kitu mwishoni mwa somo, na hajakiondoa. Kabla msichana hajaenda nyumbani, husimama kwenye kizingiti, na mwalimu huenda kusimama kwenye mshelisheli, mbali kiasi cha hatua thelathini. Kisha msichana aseme "Sitaki", na mwalimu asikie. Wazazi wengine walilalamika. Bibi akawaambia, "Na 'nataka' pia nitawafundisha, ila hili ndilo gumu."

Jana alikuja mmoja mpya, mdogo, anaficha uso kwenye mtandio, na wenzake wakaniambia, "Huyu hasemi, mwalimu." Nikaenda mpaka kwenye mshelisheli. Nikageuka. Midomo yake ilicheza, na mimi nilijua vizuri kabisa alichokisema.

"Sijasikia," nikamwambia, nikangoja.

Wenzake walikwisha kuchukua misahafu yao wakaanza kuondoka. Jua lilikuwa linaninyima kumwona sawasawa. Niliendelea kusimama pale pale na mabuti yangu ya manjano, sina haraka, mpaka sauti ikaja, ndogo, imepasuka, lakini imevuka uwanja wote.

"Nimesikia," nikasema. "Nenda nyumbani."